Kiharusi: Unaweza kutembea tena bila mashine ya bei mbaya

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kurudi nyumbani, swali la kwanza la familia huwa moja: atatembea tena? La pili huja siku chache baadaye, ndugu wakishaanza kupiga simu: tumpeleke wapi? Mmoja amesikia kuna hospitali ya mbali yenye mashine ya kumning'iniza mgonjwa na kumtembeza. Mwingine anamjua mchuaji hodari. Wa tatu anashauri mzee aachwe apumzike, nguvu zitarudi zenyewe.

Kila ushauri una gharama yake. Mwingine unagharimu kiwanja au ng'ombe, mwingine unagharimu miezi ambayo mgonjwa angeitumia kujifunza kutembea upya. Kabla hujaamua, ni vizuri ujue watafiti wamepima nini na wamekuta nini, kwa sababu swali hili limefanyiwa utafiti wa kutosha kukusaidia kuchagua.

Nasi Waafrika Mashariki tuna sababu ya kulifuatilia. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 316. Wengi wanaopona hubaki na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, na kutembea ndicho kitu cha kwanza wanachotaka kirudi.

Tatizo haliko mguuni

Watu wengi hudhani mguu uliopooza umekufa. Kwa kweli misuli na mifupa yake ni mizima. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoutuma mguu huo kufanya kazi, kwa sababu mshipa wa damu umeziba au umepasuka. Amri haifiki, au inafika nusu. Ndiyo maana mgonjwa huburuza mguu, vidole vikikwaruza chini, au goti likamlegea ghafla.

Habari njema ni kwamba sehemu za ubongo zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kuchukua baadhi ya kazi hiyo. Hujifunza kama mtoto anavyojifunza baiskeli: kwa kufanya, kukosea na kurudia.

Hapo ndipo utaona kikomo cha kuchua. Kumkanda mgonjwa kwa mikono miepesi kunaweza kumpunguzia maumivu na kumliwaza. Lakini wakati anakandwa, yeye mwenyewe hafanyi kitu, kwa hiyo ubongo wake haujifunzi kupiga hatua. Tena kuna hatari mbili. Upande uliopooza mara nyingi hausikii joto vizuri, na maji ya moto yanaweza kumuunguza asishtuke. Na mguu uliovimba na kuuma usichuliwe kabisa hadi daktari auone, maana huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Mashine dhidi ya mazoezi ya nyumbani

Utafiti unaofaa kila familia kuujua ulifanyika Marekani, katika majimbo ya California na Florida, ukiongozwa na mtafiti wa fiziotherapia Pamela Duncan. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 408 waliokuwa wamepata kiharusi karibuni, na wote wakitembea kwa shida, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilianza mazoezi ya mashine miezi miwili baada ya kiharusi. Mashine yenyewe ina mkanda unaozunguka chini ya miguu, na mgonjwa hufungwa mikanda ya juu inayombebea sehemu ya uzito wake huku wataalamu wakimsaidia kusogeza miguu. Kundi la pili lilifanya mazoezi hayo hayo, ila lilianza miezi sita baada ya kiharusi. Kundi la tatu halikugusa mashine. Mtaalamu wa fiziotherapia aliwafuata wagonjwa nyumbani, akawafanyisha mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha yanayoongezwa ugumu kidogo kidogo, na kuwahimiza watembee kila siku.

Wote walipangiwa vipindi 36 vya dakika 90 kila kimoja, ndani ya wiki 12 hadi 16.

Mwaka mmoja baada ya kiharusi, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepanda ngazi ya uwezo wa kutembea. Makundi matatu hayakutofautiana. Kasi ya kutembea iliongezeka kwa karibu robo mita kwa sekunde katika kila kundi. Mtu aliyekuwa akitumia sekunde 25 kumaliza mita 10, kwa ongezeko hilo angetumia kama sekunde 15. Hiyo ni tofauti kati ya kuvuka barabara kwa hofu na kuvuka kabla gari halijafika.

Waliotumia mashine walipata kizunguzungu mara nyingi zaidi wakati wa mazoezi. Na kati ya wale waliokuwa na shida kubwa zaidi ya kutembea, walioanza mashine mapema ndio walioanguka mara nyingi zaidi.

Mashine haina ubaya, na hospitali yako ikiwa nayo, itumie. Lakini kama haipo, usiuze mali kuifuata ukiamini kwamba bila hiyo mgonjwa hatatembea. Fahamu pia kwamba washiriki wa utafiti huu walikuwa tayari wanaweza kupiga hatua chache, hata kama kwa kushikwa na mtu. Ambaye bado hawezi kukaa au kusimama ana kazi nyingine ya kuanzia, na mtaalamu ndiye atakayeipanga.

Kilicholeta nafuu

Makundi matatu yalifanana kwa jambo moja: kila mgonjwa alifanya kazi nyingi, kwa muda mrefu, chini ya jicho la mtu anayejua lini aongeze na lini apunguze.

Hicho ndicho kinachokosekana katika matibabu ya kawaida. Mwaka 2009 mtafiti Catherine Lang na wenzake walichapisha hesabu yao ya vipindi 312 vya matibabu ya wagonjwa wa kiharusi. Katika vipindi vya kujifunza kutembea, mgonjwa alipiga wastani wa hatua 357 tu. Mtu mzima mwenye afya hupiga maelfu kwa siku moja. Basi mgonjwa anayepelekwa fiziotherapia mara moja kwa wiki, kisha akalala siku sita zilizobaki, hajatibiwa vya kutosha hata kama amepelekwa hospitali kubwa kiasi gani.

Usiharakishe siku za mwanzo

Ukisikia kwamba hatua nyingi ndizo zinazosaidia, unaweza kushawishika kumwinua mgonjwa wako siku ile ile ya kwanza. Subiri kidogo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano, ulilinganisha wagonjwa walioanza kutolewa kitandani ndani ya saa 24 kwa wingi na mara kwa mara, na wale waliopewa huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, waliofikia hali nzuri walikuwa asilimia 46 katika kundi la haraka na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Haraka kubwa haikusaidia, bali iliwapunguzia nafasi ya kupona vizuri.

Hata hao wa huduma ya kawaida hawakuachwa kitandani kwa wiki nzima. Nao waliinuliwa mapema, ila kwa kiasi. Kwa hiyo siku za mwanzo mwachie daktari na mtaalamu wa fiziotherapia waseme lini akae, lini asimame na kwa dakika ngapi. Kazi yako hapo ni kuuliza kila siku, "Leo anaruhusiwa kufanya nini?"

Familia inahitaji mtaalamu nyuma yake

Wengi wetu tutasema: basi, tutamfanyisha wenyewe nyumbani. Nchini India watafiti walilijaribu wazo hilo kwa wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Nusu yao, jamaa wa mgonjwa alifundishwa mazoezi hospitalini, akaendelea nayo nyumbani. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Baada ya miezi sita, katika kila kundi asilimia 47 walikuwa wamefariki au wanawategemea wengine. Mafunzo hayo ya familia hayakubadilisha kitu.

Usivunjike moyo kwa matokeo hayo. Ukiyaweka pamoja na yale ya Marekani, utaona funzo lake. Kule mtaalamu mwenyewe alirudi mara 36, akibadilisha mazoezi kadiri mgonjwa alivyopata nguvu. Kufundishwa mara chache na kuachiwa mzigo wote ni jambo jingine.

Kwa hali yetu, ambapo wengi hawamudu kumwona mtaalamu mara tatu kwa wiki, njia ya kati ni hii: muone mtaalamu kwa ratiba unayoimudu, na kila ukienda utoke na mazoezi mapya yenye idadi kamili. Mrekodi mgonjwa kwa simu akitembea nyumbani, umwonyeshe mtaalamu. Dakika mbili za picha hizo zitamweleza mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Ukifika na mazoezi yale yale ya miezi mitatu iliyopita, sema: "Haya ameyazoea, tuongeze nini?"

Miezi sita si mwisho

Kuna maneno yanayozunguka mitaani kwamba kisichorudi ndani ya miezi sita hakirudi tena. Kumbuka lile kundi la pili, lililoanza mashine mwezi wa sita. Hadi hapo walikuwa wanapata huduma ya kawaida tu, na kasi yao ilikuwa imeongezeka karibu nusu ya wenzao. Walipopewa vipindi vyao 36, mwisho wa mwaka walikuwa wamewafikia.

Ni kweli mwili hurudisha uwezo kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo usichelewe kwa makusudi. Lakini kama mama yako alipata kiharusi mwaka jana na hakuwahi kupata mazoezi ya maana, bado ana sababu ya kuanza leo.

Pima mwenyewe

Njia ambayo watafiti hutumia kupima kutembea haihitaji hospitali. Pima mita 10 kwenye uwanja tambarare. Mgonjwa aanze kutembea mita mbili kabla ya alama ya kwanza na asimame baada ya kupita alama ya pili. Tumia saa ya simu. Atembee mwendo wake wa kawaida, na fimbo yake kama anaitumia.

Akitumia zaidi ya sekunde 25, kwa kawaida mtu huyo hutembea ndani ya nyumba tu. Kati ya sekunde 25 na 12 na nusu, anatoka nje kwa safari fupi. Chini ya sekunde 12 na nusu, anaweza kwenda sokoni, kanisani au msikitini bila shida kubwa. Andika kwenye daftari, rudia kila baada ya wiki mbili. Maendeleo ya kiharusi ni ya polepole kiasi kwamba bila kuandika mtadhani hakuna kinachobadilika.

Mazoezi ya kumuuliza mtaalamu

Usianze lolote kabla mtaalamu hajamwona mgonjwa na presha haijapimwa. Akiruhusu, haya ndiyo ya msingi.

Kuinuka na kuketi. Tumia kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani. Nyayo zote mbili zikae chini, na mguu dhaifu usiachwe mbele ukipumzika. Mgonjwa ainamishe kifua mbele, kisha ainuke. Kiti kirefu ni rahisi zaidi, kifupi ni kigumu.

Kuhamisha uzito. Asimame mbele ya meza nzito, mikono juu yake, aelemee mguu dhaifu, kisha mzima, kwa zamu.

Kupanda kizingiti. Aweke mguu kwenye kizingiti cha chini na kuushusha, akishikilia kitu kisichotikisika.

Kutembea kwenyewe. Hesabuni hatua za leo. Wiki ijayo ongezeni kidogo. Vipindi vifupi vinne kwa siku vinafaa kwa mtu anayechoka upesi.

Msaidizi asimame upande dhaifu, nyuma kidogo, ashike mkanda imara uliofungwa kiunoni mwa mgonjwa. Usimvute kwa mkono uliopooza, maana bega lake ni legevu na linaweza kuchomoka. Fimbo ishikwe na mkono mzima. Kwenye ngazi, wakati wa kupanda mguu mzima utangulie, wakati wa kushuka mguu dhaifu utangulie. Kama vidole vinakwaruza chini, uliza kuhusu kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu. Wataalamu wa vifaa hivyo wapo. Chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha kwa miaka mingi.

Na umwachie mgonjwa kazi zake. Anayeletewa maji, sahani na simu pale alipoketi amepokonywa hatua nyingi kwa siku. Kama anaweza kuyafuata maji mezani huku ukimlinda, mwache ayafuate.

Jihadhari na kuanguka

Katika utafiti ule wa Marekani, zaidi ya nusu ya washiriki walianguka angalau mara moja ndani ya mwaka. Ni bei ya kujaribu kutembea, lakini inapunguzika. Ondoa mikeka na mazulia yanayojikunja. Mgonjwa avae viatu vinavyofunga kisigino, aache kandambili. Sakafu ya choo ikaushwe, na ukutani pawekwe chuma cha kushikilia. Tochi iwe karibu na kitanda, kwa siku umeme unapokatika.

Simamisha mazoezi na utafute matibabu mara moja akipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kizunguzungu kikali, uvimbe wa mguu mmoja wenye maumivu, au udhaifu mpya wa ghafla, mdomo kupinda au maneno kupotea. Na dawa za presha zisikatishwe kwa sababu anajisikia vizuri. Kiharusi cha pili kinaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Wewe ambaye mgonjwa wako ni mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, jambo la msingi ni lile lile: ubongo hujifunza kwa mtoto mwenyewe kufanya. Kumnyoosha viungo huku amelala tu hakumfundishi kutembea. Kumwekea mpira mbele ili aufuate, au kumsimamisha mezani acheze, kunamfundisha zaidi.

Muulize mtaalamu mtoto wako yuko ngazi ipi kati ya ngazi tano za uwezo wa mwendo zinazotumika duniani. Ngazi ya kwanza ni mtoto anayetembea bila msaada, ya tano ni yule anayehitaji kubebwa au kusukumwa kwenye kiti mwendo. Utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia watoto 657 na kuonyesha kwamba wengi hufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo kabla au karibu na umri wa miaka mitano. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja asiyeketi asisubiri "atakua tu". Na mzazi wa mtoto wa ngazi ya tano asione aibu kumtafutia kiti mwendo kizuri. Kwa mtoto huyo, kiti ndicho kitakachomfikisha shuleni na kwa wenzake.

Maswali ya kwenda nayo

Safari ijayo ya fiziotherapia, ingia na karatasi yenye maswali haya: Lengo letu la mwezi huu ni lipi? Ni mazoezi yapi, mara ngapi kwa siku, hatua ngapi? Nikiona nini niongeze, na nikiona nini nipunguze? Anahitaji fimbo au kifaa cha kifundo? Turudi lini?

Ukitoka na majibu hayo matano, mgonjwa wako ana kazi ya kufanya kila siku hadi mtakaporudi. Anzeni kesho asubuhi, na mwandike idadi ya hatua kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.